Neno Lililochapwa Mgongoni

Jambo lote liligharimu mitandio arobaini na minane, kopo zima la rangi nyeusi na nusu ya kopo la pili, nauli ya Kasulu hadi Kibondo kwenda na kurudi mara tatu, doti moja ya kitenge kizito, na ushauri mmoja wa bure. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, ya kwanza kwa kalamu na ya pili kwa hasira, na mara zote mbili ushauri wa bure ndio uliotoka juu.

Mimi ni muuza vitenge katika soko la Kasulu. Mzigo wangu mwingi hupitia Manyovu, na kule mpakani nimejifunza kupunguziwa bei kwa lugha nne, mbili kati yake sizijui. Kilatini hakikuwamo. Kilatini nilikuwa nakisikia kanisani tu, nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kunipunguzia kitu kwa lugha hiyo.

Aliyenitia ndani ya mambo haya ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, anayekaa Kibondo. Ameongoza kwaya ya akina mama ya parokia yao tangu siku zile ambazo mimi nilikuwa navivua viatu njiani nivivae mlangoni mwa kanisa, visichakae. Mwaka huu parokia ilikuwa na jubilei yake, na siku yenyewe iliangukia sikukuu ya Mama Bikira, aliye msimamizi wa parokia. Baada ya misa hiyo mama mkubwa angemkabidhi mwingine kwaya. Magoti yamekataa. Mwenyewe alisema hivi: magoti bado yanapiga, ila yanapiga yasipoombwa.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba kitu cha dukani. Sasa akaomba. Alitaka kwaya yake isimame siku ile na mitandio ya aina moja, myeupe, yenye neno moja mgongoni. Akina mama walikuwa wameuza maharage yao, fedha ipo. Na neno halikuwa la Kiswahili.

"Andika," akaniambia kwenye simu.

"Niandike nini, mama mkubwa?"

"Lile la mwisho wa ule wimbo wa zamani. Lile tunalolivuta."

"Linaandikwaje?"

"Nitajuaje linavyoandikwa? Mimi najua linavyoimbwa." Akaimba, pale pale, na nyuma yake nikasikia kuku wakinyamaza. "Maana yake ni sisi tunaosifu. Tuliambiwa na wakubwa zetu, nao waliambiwa na padri wa kale."

Nikachukua ubavu wa boksi, nikaandika nilichosikia: LAUDANDES.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza, na simbebeshi mtu. Kwaya ile ilijifunza wimbo kwa sikio, aliyejua akimwimbia asiyejua, na hakuna aliyewahi kuliona neno lile kwenye karatasi. Mdomo uliokwisha kuzoea kupenda, kwenda na kushinda, na ambao nyumbani, kwa lugha ya kwetu, kupenda unakuita *gukunda*, ukikutana na n hauangalii mbele kuna nini. Unatia d. Kwa hiyo t ya wazungu ililegea kidogo kidogo, mama kwa mama, mpaka ikawa d kamili, na Mungu hakulalamika.

Kosa la pili lilikuja na miguu yake dukani kwangu. Alikuwa afisa wa halmashauri, mtu wa Songea aliyehamishiwa kwetu, mstaarabu sana, mwenye tabia ya kuulizia bei ya vitu asivyokusudia kununua. Alikuwa ameshika kitenge cha mkewe anataka nipunguze. Nikakataa. Akaona lile boksi.

"Dada, hiki ni Kilatini?"

"Wanasema."

"Kwaya ni ya wanaume?"

"Akina mama watupu."

"Sasa hiyo 'es' mwishoni ya nini?" Akatabasamu, kama mtu aliyeona bei imekosewa upande wake. "Kilatini si kama Kiswahili chetu. Kule kuna kiume na kuna kike. Wanawake, tena wengi? Mwisho ni 'ae'. *Rosae. Puellae.* Weka 'ae'."

"Una uhakika, kaka?"

"Mimi nilikaa seminari mpaka kidato cha pili. Hiyo 'ae' nilichapiwa fimbo. Mtu hasahau kitu alichochapiwa."

Nilimwamini kwa sababu ya zile fimbo. Nikampunguzia kitenge kidogo, kwa hiyo hata ushauri wa bure haukuwa wa bure kabisa, nikafuta ES, nikaandika AE. Nikampelekea fundi wa kuchapa fulana, jirani yangu, kijana asiyeuliza maswali maadamu herufi ni kubwa. Akachapa mitandio yote arobaini na minane: LAUDANDAE. Ilipendeza. Nikaihesabu mara mbili, nikaifunga, nikapanda gari la Kibondo.

Akina mama walikuwa kwenye mazoezi ukumbini. Waliivaa wakazungukana kama mabinti, kila mmoja akimsomea mwenzake mgongo. Mama mkubwa aliipitisha mikono juu ya herufi taratibu, asizikwaruze. "Mwakeye," akanisalimia, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Ndivyo anavyofanya akifurahi, husahau jua liko wapi.

Akaingia frateri. Huyu ni mseminari aliyeletwa parokiani kwa mwaka mmoja wa mazoezi, kijana mpole mwenye miwani. Akasimama nyuma ya mama mmoja, akasoma. Akasogea kwa wa pili, akasoma. Nilidhani anahesabu.

"Mama," akamwambia mama mkubwa, "hili neno nani kawapa?"

"Ni letu. Maana yake sisi tunaosifu."

"Hapana, mama. Tunaosifu ingekuwa *laudantes*. Hili hapa..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hili maana yake wanawake wanaopaswa kusifiwa."

Kisha sauti moja kutoka kwa wale wanaoimba ya pili ikasema, "Kwani uongo?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama mmoja akamwambia mwenzake, "Rudi nyumbani umpe mumeo asome." Mwingine akajibu, "Hajui hata Kiswahili kikiandikwa, Kilatini atakiwezea wapi?" Wote walicheka ila mama mkubwa, maana yeye alikuwa amekwisha kumwona paroko mlangoni.

Paroko si mtu mkali. Alisema kwa upole, na upole ndio uliouma. "Sikukuu ya Mama wa Mungu, na wageni wote wale, halafu akina mama wangu waingie wamejiandika mgongoni kwamba wa kusifiwa ni wao? Haiwezekani. Ivueni tu. Mtavaa vitenge vyenu. Au vijana waimbe, nyinyi mpumzike."

Kwaya ya vijana ina kinanda, spika mbili kubwa na sare. Kwa muda mrefu walikuwa wakiisubiri misa hiyo.

Mama mkubwa aliuvua mtandio wake, akaukunja mara nne, akaushika kifuani. "Baba, watu hawa wameuza maharage. Vitenge vyao unavijua, kila mmoja na chake. Sitawasimamisha mbele ya wageni kama nguo kwenye kamba. Kama mitandio haiingii, na sisi hatuingii."

Alipokuwa ananisindikiza barabarani aliniambia yaliyobaki. "Misa hiyo ndiyo ya mwisho mimi kusimama mbele. Nikiisikiliza kutoka benchi la nyuma, watu watanikumbuka hivyo, yule aliyefukuzwa na mtandio." Akanisukumia kifurushi cha karanga. "Wewe ndiye uliyeleta neno. Kalitafutie dawa. Una wiki."

Neno hilo nilililetewa kwa simu na yeye mwenyewe, lakini na mama mkubwa mtu habishani.

Nilikuwa namjua mtu mmoja. Mkewe ni mteja wangu, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, na kila akija huninung'unikia kwamba mume wake huota kwa Kilatini. Kwao, kabla ya vita kuwaleta huku, alikuwa mwalimu wa lugha hiyo katika shule ya sekondari. Watoto wa kule walikuwa wanafundishwa Kilatini kama sisi tulivyofundishwa kilimo. Nikamtumia salamu, tukakutana nje ya kambi, upande wanaposimama wauza mihogo. Alikuja amefunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni, na hakuketi mpaka nilipomwambia karibu mara ya pili.

"Baba mwalimu, nina shida na neno moja."

"Kilatini hawauzishake neno moja-moja, mama." Aliangalia ule mfuko wangu. "Mi nakufundisha partisipe zote nne, na sura zake zote sita, umoja na wingi. Bei ni doti moja."

"Doti! Nataka nijue kosa tu. Nakupa kitambaa cha kichwa."

"Kitambaa cha kichwa ni bei ya alfabeti."

Tulivutana mpaka muuza mihogo akaacha kuuza akawa anatutazama. Mwisho tukakubaliana kipande kimoja: nusu ya doti, kwa zile partisipe nne, kila moja kwa sura yake ya kwanza tu, ile ya kumtaja mtu, anayoiita nominatifu. Muuza vitenge yeyote atakuambia kuvunja doti ni kujikata mkono, kwa sababu kipande kinachobaki hakina mnunuzi. Mwalimu alijua hivyo.

"Boni," akasema akikunja kipande chake. "Sasa uko na kimoja na mi niko na kimoja. Tutaona nani atarudia mwenzake."

Akachora mchangani kwa kijiti. Partisipe, alisema, ni kitenzi kilichovaa nguo ya sifa. Kinafanya kazi kama kitenzi, lakini kinamfuata mtu kama vile 'mzuri' au 'mrefu' inavyomfuata. *Laudans* ni anayesifu, sasa hivi, mdomo uko wazi. *Laudatus* ni aliyekwisha kusifiwa. *Laudaturus* ni yule anayekaribia kusifu, ameshavuta pumzi. *Laudandus* ni yule ambaye lazima asifiwe.

Mimi nikipewa mzigo nauhesabu. Nikauhesabu. "Na aliyesifu? Yule aliyesifu jana, akamaliza, akaenda zake?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Kilatini hakina ile."

"Na anayesifiwa sasa hivi?"

"Hakuna pia."

"Mwalimu! Umeniuzia mzigo una matundu mawili. Sisi tunazo zote. Anayesifu, aliyesifu, atakayesifu. Anayesifiwa, aliyesifiwa, atakayesifiwa. Unabadilisha *na* na *li* na *ta*, basi, mzigo umekamilika. Nirudishie nusu ya kipande."

Alicheka mpaka kifungo cha shingo kikafunguka chenyewe. Kisha akanyoosha kijiti kwenye ile ya nne. "Na ile ya lazima? Niambie kwa Kiswahili. Neno moja."

"Wa kusifiwa."

"Ile ni mbili."

"Asifiwaye."

"Ile ni anasifiwa tu. Lazima iko wapi?"

Nikatafuta. Natafuta mpaka leo. Tunaweza kusema nani alifanya, nani alifanyiwa na lini, vyote ndani ya neno moja kama dagaa kwenye kopo, lakini ule wajibu hauingii, unabaki nje unasubiri neno la pili. Wao wameubana mle ndani kwa *nd*.

"Voilà," akasema mwalimu, na sikudai tena nusu ya kipande.

Kilichonishangaza zaidi ni ile ya kwanza. Nilimuuliza mwanamume anayesifu anaitwaje. *Laudans*. Mwanamke anayesifu? *Laudans*. "Na ng'ombe?" "*Laudans*, kama anaweza." Lugha nzima inatenganisha kiume na kike, kiti kina jinsia, mlango una jinsia, lakini ikifika kwa anayesifu inawaweka wote kwenye kiti kimoja, sawasawa na sisi ambao 'anayesifu' wetu hatujali amevaa suruali au gauni. Wakiwa wengi, wanaume au wanawake, wote ni *laudantes*.

"Hiyo t imetoka wapi? Kwenye *laudans* haikuwepo."

"Ilikuwepo. S imeifunika. Ukivuta neno kidogo, inatoka." Kama pindo la nguo, nikawaza. Ukilifungua unakuta kitambaa kingine kilichokuwa kimejificha ndani.

Ndipo nikamwonyesha picha ya mtandio kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza neno lilifikaje pale, nikamweleza yote, d ya kwaya na 'ae' ya afisa. Akapiga paja.

"Mama, sikiliza. Kama mungeacha t mukaweka 'ae', *laudantae*, ingekuwa takataka. Kama mungeweka d mukaacha 'es', *laudandes*, takataka pia. Padri angecheka, angesema bamama wamekosea kuandika. Lakini mulikosea mara mbili, na makosa yenu yamekutana njiani ikakuwa Kilatini safi kabisa. Miaka yangu yote ya shule, sikuona mwanafunzi mwenye bahati mbaya namna hii."

Alinipa mkono wa pole. Nilipokuwa nafunga mfuko akaniuliza, "Hautaki datifu?" Nikasema sitaki. Akauliza tena. Nilipokuwa nimeshavuka barabara akaita mara ya tatu, "Datifu, mama!" Nikajua ni mbinu ya kuuza. Mimi pia humwita mteja mara tatu.

Lakini sikupata raha. Siku iliyofuata dukani nilijikuta navibandika vitu vyangu vile vyeo. Mkewe mwalimu alinipa neno la kuuza kwa simu, bure, kwa kuwa mume hakuwepo kudai. Mimi niliyeketi hapa ni *vendens*, ninayeuza. Kitenge kilichoondoka asubuhi ni *venditus*. Jirani yangu anayesema kila siku kwamba kesho atauza ni *venditurus*, na atabaki hivyo. Na mzigo wote uliopangwa mpaka darini ni *vendenda*, vitu ambavyo lazima viuzwe. Nikaupenda ule wajibu. Rafu zangu zilionekana zinanidai.

Katikati ya *vendenda* hizo kuna kile kipande kimoja kisicho na mwenzake, kinanitazama. Na pembeni yake swali: kwa nini mtu aliyekwisha kulipwa aniite mara tatu?

Nikarudi. Alikuwa ameketi pale pale, vifungo vyote vimefungwa, kama mtu aliyepewa saa ya miadi.

"Datifu ni nini?" nikamuuliza.

"Kipande iko wapi?"

"Nionyeshe kwanza."

Akaandika mchangani *laudandae* mara tatu, moja chini ya nyingine. Nikamwambia ameandika kitu kimoja mara tatu. Akasema hapana, ni vitatu, vimevaa nguo moja. Ya kwanza ni wanawake wengi wa kusifiwa. Ile ndiyo paroko aliyoisoma, nominatifu ya wingi. Ya pili ni ya mwanamke mmoja wa kusifiwa, kama kusema nyumba yake, sauti yake.

"Na hii ya tatu, njo ile nilikuitia. Datifu. Umoja. Ni *kwa* mwanamke mmoja wa kusifiwa. Unamupelekea kitu. Unamutolea." Akaniacha nisome mchanga. "Ile sikukuu ni ya nani, mama?"

Nilimpa kipande cha pili bila kubishania bei, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Herufi zile zile. Mitandio ile ile, tayari imelipiwa. Haisemi tena *sisi ndio wa kusifiwa*, inasema *kwa ajili yake yeye apaswaye kusifiwa*. Na sura hiyo ndiyo niliyoikataa barabarani kwa kuona ni ya ziada.

Kibondo tena. Paroko alinisikiliza ofisini, frateri pembeni yake. Frateri alitikisa kichwa kukubali tangu nilipotaja datifu, akasema naye aliliwaza, ila neno limesimama peke yake. Paroko akachukua mtandio, akautandaza mezani.

"Ni kweli, yaweza kusomwa hivyo. Lakini sifa inatafuta jina la kulifuata. Hapa jina halipo, basi kila mtu atalipachika kwa aliyeuvaa. Datifu bila jina ni mzigo usioandikwa unakwenda kwa nani."

"Tuandike anwani basi, baba."

Wakatazamana. "*Matri*," akasema frateri. "Kwa Mama."

Paroko akahesabu kwa vidole. "Herufi tano. Juu pana nafasi. Mnaweza kabla ya Jumapili?"

Fundi alipanda gari Kasulu na fremu yake ya kuchapia mapajani, akachapa ukumbini Ijumaa yote: MATRI, juu ya LAUDANDAE. Upande wa pili wa ukumbi frateri aliwafundisha akina mama t. Haikuwa kazi ndogo. "Nimeimba d tangu kipaimara," mmoja akasema, "leo uniletee t, nikaiweke wapi?" Mama mkubwa akawaambia anayetaka d aimbe kwa moyo tu, kimya. Kisha akatikisa mkono waanze, na magoti yake nikayaona yanatulia.

Jumapili waliingia kwa maandamano wakisifu, *laudantes* kwa haki yao yote, mdomo wazi. Wageni waliisoma migongo na hakuna aliyekunja uso. Kwaya ya vijana ilikaa benchi la kando na spika zao zimezimwa.

Mwongoza kwaya huwatazama waimbaji, mgongo wake huwa kwa watu. Kwa hiyo misa nzima kanisa zima lilikuwa linautazama mgongo wa mama mkubwa. Nami nilikuwa benchi la tatu, karibu na fundi, na nilihitaji kusoma mara mbili.

Umeandikwa LAUDANDAE tu.

Nikamgusa fundi. "Umesahau mmoja."

"Sijasahau," akanong'ona. "Niliambiwa nisiuguse."

"Na nani?"

Akaielekeza midomo kwa akina mama, wote arobaini na saba, ambao walikuwa wanamtazama mama mkubwa usoni na kuimba kama hawana siri.

Nikapiga hesabu yangu. Datifu. Umoja. Kike. Kwa mwanamke mmoja wa kusifiwa. Jina halipo, lakini anwani ni mgongo wenyewe. Paroko naye, alipogeuka na chetezo, aliuona. Alisimama kidogo, akakohoa, akaendelea na ubani. Mwenye mtandio peke yake ndiye ambaye hakujua. Nani anajisoma mgongo?

Walimaliza na ule wimbo wa zamani. Nilisikia t chache, zimetapakaa. D zilikuwa nyingi zaidi.

Hapo ndipo ningependa kuishia, lakini wiki iliyopita mama mkubwa alishuka Kasulu, akaingia dukani bila salamu, akaweka mfuko juu ya vitenge vyangu.

"Nilikuwa naupiga pasi," akasema. "Wenzangu wana maneno mawili. Mimi nina moja."

"Labda rangi iliisha, mama mkubwa."

"Usinidanganye, mwanangu. Nimemuuliza frateri, akaniambia. Nimesimama mbele ya altare nimeandikwa hivyo!" Hakuwa na hasira kama nilivyoogopa. Alikuwa na aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukipigia bei. "Mtandio huu ndio nitakaofunikwa nao siku yangu ikifika. Sitaki nifike kule nimejitangaza. Niwekee *Matri* kama wenzangu." Akaondoka kuwahi gari.

Hakufika hata njia panda, simu ikalia. Alikuwa yule mama wa sauti ya pili. Taarifa zilikuwa zimemtangulia. "Shemeji," akaniambia, na sisi si mashemeji, huo ni ujanja wa kunilainisha, "huo mtandio ukiguswa na rangi, kwaya nzima itanunua vitenge Kakonko."

Kwa hiyo mtandio uko hapa, kwenye rafu, umekunjwa mara nne. Fundi ameosha fremu anasubiri. Nikiutia herufi tano, nimemtii mama yangu mkubwa na nimewafutia arobaini na saba neno lao pekee walilolichagua wenyewe. Nikiuacha, nimemzika mtu kinyume na alivyosema. Mwalimu wa Nyarugusu nimemuuliza. Amesema ziko sura nyingine ambazo bado sijazilipia, na ameulizia kile kitenge cha rangi ya samawati.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri nifanye nini. Ila taja bei yako kwanza. Wa bure sitaki tena.